Barua ya wazi kwa Gavana, Waziri wa Afya na wakuu wa vyuo vya Pwani: tupeni maabara ya kuunda enzaimu za dawa hapa Mombasa

Waheshimiwa, Gavana wa Kaunti ya Mombasa, Waziri wa Afya kule Nairobi, wakuu wa vyuo vikuu vyetu vya Pwani, na nyinyi mnaogawa viwanja vya viwanda kule Dongo Kundu,

Assalaam aleikum, na kwa wale wasiosalimiana hivyo, hamjambo.

Naandika kuhusu dawa na enzaimu, yaani zile protini zinazoharakisha kemia ndani ya viumbe. Mimi ni fundi wa maabara hapa Mombasa, kazi yangu ni kufundisha wanafunzi kushika pipeti na kuotesha bakteria, na kwa muda mrefu nimekuwa nikingoja mtu mkubwa kuliko mimi aliseme hili jambo, hajatokea, basi nalisema mimi. Ombi ni moja tu, mtuwekee hapa maabara ya kuunda enzaimu za kutengenezea viini vya dawa, yaani ile poda yenyewe inayotibu, na mfungue njia ya hiyo kazi kutoka maabara kufika kiwandani.

Chukueni dawa yoyote ya dispensari ya Likoni ama Kisauni. Hata ile iliyoandikwa imetengenezwa Kenya, ukiifuatilia utakuta mara nyingi kilichofanyika Kenya ni kuchanganya, kufinya tembe na kupakia. Poda yenyewe imekuja kwa pipa kutoka India ama China, na mapipa mengi yamepita hapa hapa bandari ya Kilindini mbele ya macho yetu. Sisemi viwanda vyetu havifanyi kitu, kufinya tembe ikayeyuka tumboni vile inavyotakiwa ni kazi ya watu waliosoma. Lakini mwenye poda ndiye mwenye dawa. Tarehe 3 Machi 2020, korona ndio inaanza kuenea, India ikazuia viini na dawa 26 zisiuzwe nje, paracetamol ikiwemo. Paracetamol jamani, dawa ya kichwa! Na hao India wenyewe viini vingi wanavinunua China, wakashtuka, mwaka huo huo serikali yao ikaanzisha mpango wa kuwalipa motisha wenye viwanda watakaotengeneza viini nyumbani. Ikiwa India, inayouzia dunia nzima dawa, inaogopa kumtegemea mwingine, sisi tuna ujasiri gani wa kulala?

Sasa kwa nini enzaimu, kwa nini nisiombe tu kiwanda cha kemikali cha kawaida. Molekuli nyingi za dawa zina mkono wa kulia na mkono wa kushoto, kama jozi ya makubadhi, ngozi ileile, mshono uleule, lakini la kulia halikubali mguu wa kushoto. Na mwili wetu pia una mkono wake, kwa hivyo molekuli ya upande mmoja inaweza kutibu na ya upande wa pili isifanye lolote, ama ifanye madhara. Louis Pasteur aliligundua jambo hili 1848 kwa kutenganisha fuwele moja moja akitumia hadubini. Ukitengeneza molekuli kama hizo kwa kemia ambayo haina cha kuielekeza unapata nusu kwa nusu, kulia na kushoto zimechanganyika, na kuzitenganisha ndio kazi inayomaliza pesa na kujaza taka.

Mfano uko karibu. Wale wanaotumia ARV ile tembe moja ya kila siku, ndani yake mna lamivudini. Lamivudini inayotakiwa ni ya upande mmoja, mwenzake wa upande wa pili ni mkali zaidi kwa seli za mwili. Mapema miaka ya 1990 wanasayansi wa kampuni ya dawa ya Glaxo walionyesha kwamba enzaimu ya bakteria E. coli inaweza kumbadilisha yule asiyetakiwa na kumwacha anayetakiwa vilevile alivyo, ndio ukaweza kumtoa akiwa peke yake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Watu wa Kwale na Tana River mnakijua kichocho, mtoto anakojoa damu na mzazi anadhani ni kawaida ya umri. Dawa yake ni prazikwanteli, tembe kubwa na chungu, mwalimu anaigawa shuleni na mtoto anaitema nje ya darasa. Nusu ya ile poda ndiyo inayomuua mnyoo. Nusu ya pili haifanyi kazi ya maana kwa mnyoo, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya ule uchungu. Yaani tunawamezesha watoto kitu cha kuwatapisha kwa sababu kutenganisha mikono miwili ni ghali! Imepatikana sasa tembe ndogo ya watoto wadogo yenye upande unaotibu peke yake, inaitwa arprazikwanteli, na Kenya ilikuwemo kwenye majaribio yake pamoja na Côte d'Ivoire, KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, walishiriki, na Desemba 2023 wakala wa dawa wa Ulaya ukatoa maoni mazuri juu yake. Watoto wetu walishiriki kuipima. Nataka na wanafunzi wetu washiriki kuziunda dawa za namna hiyo.

Kuna njia za kupata mkono mmoja. Utengeneze yote miwili utupe nusu. Ama utumie katalisti, yaani kichocheo cha kemia, ya metali ghali kama rodiamu. Ama utumie enzaimu, maanake enzaimu ni protini na protini yenyewe imejengwa kwa mkono mmoja, ina mfuko ndani yake ambao unapokea umbo moja na kukataa lingine, na inafanya hiyo kazi ndani ya maji kwa joto la kawaida. Shida ni kwamba enzaimu za asili hazikuumbwa kwa ajili ya viwanda vya dawa. Bakteria wa udongoni hajawahi kukutana na molekuli ya dawa ya ugonjwa wa sukari maishani mwake, mfuko wa enzaimu yake ni mdogo, ukiiweka kwenye viyeyushi vya kiwandani inakufa, ukiipa mzigo mkubwa inachoka. Hapo ndipo inapoingia kazi ninayoizungumzia, ya kuiunda upya.

Namna inavyofanywa si siri. Unachukua jeni ya enzaimu, unainakili kwa makusudi ikiwa na makosa hapa na pale, unapata maelfu ya aina zilizotofautiana kidogo kidogo. Kila aina unaipandikiza kwa bakteria, unawaotesha kwenye sahani za visima 96, unawapa ile molekuli unayotaka igeuzwe, halafu unapima nani amefanya kazi vizuri. Aliyeshinda unamchukua jeni yake unaanza tena. Raundi baada ya raundi. Frances Arnold wa Marekani alionyesha njia hii mapema miaka ya 1990 kwa enzaimu inayokata protini, akaizoesha kufanya kazi kwenye kiyeyushi kilichokuwa kinaiua, na 2018 akapata nusu ya Nobeli ya kemia kwa kazi hiyo.

Kisa ambacho huwa nawasimulia wanafunzi kila muhula ni cha sitagliptini, dawa ya sukari ambayo kampuni ya Merck inaiuza kwa jina Januvia. Sukari hapa mjini hamna nyumba isiyoijua. Zamani kiwandani hatua ya kuupata mkono unaotakiwa ilifanywa kwa rodiamu na gesi ya hidrojeni kwa presha kama mara 17 ya hii hewa ya kawaida, matangi maalum ya chuma, halafu ukimaliza bado mkono haujatimia usafi wake unabidi usafishe tena, na rodiamu yenyewe uiondoe yote isimfikie mgonjwa. Merck wakashirikiana na kampuni ya Codexis wakachukua enzaimu ya jamii ya transaminesi kutoka bakteria wa Arthrobacter. Mwanzoni ile enzaimu haikuonyesha dalili yoyote ya kuigusa molekuli yao, ni kubwa mno, haiingii. Wakafanya jambo ambalo mimi nalipenda sana, walianza kuipa kipande kidogo cha molekuli ile, wakapanua mfuko kidogo, kisha wakaongeza ukubwa, wakapanua tena, na ilipoanza kuikubali molekuli nzima, hata kama ni kwa shida, wakaiendesha raundi moja baada ya nyingine wakiongeza mzigo, joto na kiyeyushi kila mara. Raundi 11. Enzaimu ya mwisho ilikuwa imebadilika sehemu 27, inafanya kazi kwa nyuzi 40 ndani ya kiyeyushi nusu kwa nusu na maji, gramu 200 za mzigo kwa lita moja kwa gramu 6 tu za enzaimu, na mkono unaotoka ni zaidi ya asilimia 99.95 wa upande mmoja. Taka zikapungua asilimia 19, metali nzito ikaondoka kabisa, matangi ya presha hayahitajiki tena. Walichapisha haya 2010 kwenye jarida la Science, kila mtu anaweza kusoma. Na 2019 Merck na Codexis tena wakaonyesha dawa ya majaribio ya HIV, islatraviri, ikitengenezwa kwa mfululizo wa enzaimu tisa ndani ya maji, tano kati yake zimeundwa upya kwa njia hiyo hiyo.

Hilo neno metali nzito nataka mlisome taratibu waheshimiwa, kwa sababu sisi Mombasa tunalijua kwa damu. Owino Uhuru pale Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, metali ya risasi iliyomo kwenye betri ikaingia kwenye udongo, kwenye maji, kwenye damu ya watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakaazi walipigana miaka na miaka, Omido akatuzwa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, mahakama hapa Mombasa ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020 na bado kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Kwa hivyo mtu akija leo kutuambia analeta kiwanda cha kemikali za dawa Dongo Kundu, karibu na bahari ya wavuvi wa Likoni na Mtongwe, mimi wa kwanza nitamuuliza, katalisti yako ni nini, kiyeyushi chako kinamwagwa wapi? Njia ya enzaimu haimalizi matatizo yote, viyeyushi vingine bado vinatumika na maji machafu ya tangi la kuchachushia lazima yatibiwe kabla ya kumwagwa, nasema wazi. Lakini kama tutachagua viwanda vya kuwekwa kando ya mikoko yetu basi hii ndiyo namna ninayoweza kuitetea mbele ya mama wa Owino Uhuru.

Sasa tuanzie wapi. Sisemi tukimbilie Januvia. Ningeanza na amoksisilini, ile dawa ya unga wa kuchanganya na maji ambayo kila mtoto wa hapa ameshainywa. Kiini chake kinaanzia kwa penisilini G inayotoka kwa ukungu, halafu inakatwa mkia ubaki mwili unaoitwa 6-APA, halafu unaunganishwa na kipande kingine. Zamani kule kukata kulifanywa kwa kemikali kali za fosforasi na klorini kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Leo duniani kunafanywa kwa enzaimu iitwayo penisilini asilesi, imegandishwa juu ya punje ndogo ndogo, maji yanapita, kazi inafanyika, enzaimu inabaki palepale na kutumika tena na tena. Na enzaimu ya jamii hiyo hiyo inaweza pia kufanya ule muunganisho wa mwisho. Hii ni teknolojia ya miaka mingi inayofahamika vizuri, na inafaa kufundishia kizazi cha kwanza cha mafundi. Hata tukiagiza penisilini G kwanza, na sisi tukafanya hatua za enzaimu hapa, tutakuwa tumeshika sehemu ya dawa ambayo leo hatuishiki kabisa.

Najua kuna mtu wa hazina anasoma hapa akisema China ni rahisi, tutashindana vipi? Kweli, mwanzoni yetu itakuwa ghali zaidi, siwadanganyi. Viwanda vyao ni vikubwa na vimelipwa zamani. Lakini serikali ni mnunuzi mkubwa wa dawa nchi hii kupitia KEMSA, shirika lake la kununua na kusambaza dawa, na mnunuzi mkubwa akisema sehemu fulani ya dawa hii nitainunua kwa aliyetengeneza kiini nyumbani, kwa miaka kadhaa, mwenye mtaji atakuja. India nao wanawavuta wenye viwanda kwa ile motisha niliyoitaja. Na zaidi ya hapo, sehemu ninayoiomba kwanza siyo kiwanda, ni ujuzi, na ujuzi wa kuunda enzaimu ni moja ya vitu vichache kwenye biashara ya dawa ambavyo nchi ndogo inaweza kuvipata bila mabilioni. Bei ya kutengenezesha jeni imeshuka mno. Programu ya AlphaFold inayobashiri umbo la protini, ambayo waundaji wake Demis Hassabis na John Jumper walipata Nobeli ya kemia 2024 pamoja na David Baker, ina hazina ya maumbo zaidi ya milioni 200 yanayosomwa bure. Nina wanafunzi wanaokaa usiku na laptopu iliyopasuka kioo wakiangalia mfuko wa enzaimu na kubishana ni asidi amino gani ibadilishwe, wana hoja nzuri tu, halafu asubuhi hawana pa kwenda kuijaribu hoja yao. Hiyo inaniuma kuliko yote niliyoandika hapa.

Maanake watu tunao. Tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, tuna Chuo Kikuu cha Pwani Kilifi ambacho kina kituo cha utafiti wa bayosayansi, tuna KEMRI Kilifi wenye sifa dunia nzima, tuna KMFRI Mkomani, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wanaoijua bahari hii. Na tuna mikoko ya Tudor, Mtwapa na Mida, matope yenye chumvi, joto, maji yanapanda na kushuka kila siku, humo mna bakteria na ukungu waliozoea taabu na enzaimu zao zimezoea taabu vilevile, ndio mwanzo mzuri kwa mtu anayetaka enzaimu ya kustahimili kiwanda. Nchi hii ilishapata funzo kuhusu mali ya namna hii. Sampuli zilichukuliwa kwenye maziwa yetu ya magadi huko Bonde la Ufa mwaka 1992, baadaye enzaimu zikatumika ng'ambo kwa sabuni na kufifisha jinzi, 2004 KWS, shirika letu la wanyamapori, ikasimama kudai na mzozo ukawa mkubwa. 2007 KWS ikaingia mkataba na Novozymes, kampuni ya enzaimu ya Denmark, angalau safari hiyo kulikuwa na karatasi. Sheria za kugawana manufaa tunazo tangu 2006 na Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya jambo hilo hilo, tumeridhia. Lakini vibali hivyo hivyo vilivyowekwa kumzuia mgeni mwenye pesa vinamfunga mtoto wa Jomvu anayetaka kijiko cha tope la mikoko ya nyumbani kwao, anazungushwa ofisi hii na ile hadi mwaka wake wa masomo unaisha.

Na mengine yanayotukwamisha ni madogo sana, yanakera kwa udogo wake. Nimeona kifurushi cha enzaimu za kukatia jeni, kinachotakiwa kukaa nyuzi 20 chini ya sifuri, kikishikiliwa na ofisi moja ya mizigo kwa sababu hakuna aliyejua kiingie kundi gani la ushuru, barafu kavu ikaisha, tulipokabidhiwa yalikuwa maji vuguvugu na ada ya kuhifadhi tukalipa. Mji wenye bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki! Stima nayo ikipotea usiku friza inapanda joto na kazi ya muhula mzima inaharibika. Vijana waliohitimu biokemia wanaondoka kwenda Qatar kufanya kazi za ulinzi, si kwamba kazi hiyo ni mbaya, ila mtu tulimfundisha kitu kingine.

Kwa hivyo waheshimiwa, nawaomba hivi. Jengo jipya la kukatia utepe hatulihitaji, vyumba viko kwenye vyuo, mkikubaliana nani atakuwa mwenyeji na wengine wote waingie kwa haki sawa. Tunahitaji friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na stima ya akiba inayoaminika, inkubeta za kutikisa, mashine ya kusoma sahani za visima 96, mashine ya kutenganisha molekuli yenye safu inayotofautisha kulia na kushoto, maana bila hiyo unaunda enzaimu gizani, na tangi dogo la kuchachushia. Na mishahara. Msinunue mashine mkasahau mtu wa kuiendesha na mkataba wa kuitengeneza, mashine za namna hiyo zimejaa kwenye makorido zimefunikwa nailoni. Waziri wa Afya, zungumza na wa forodha wapate dirisha moja la mizigo ya baridi ya utafiti, mzigo utoke siku ileile unayofika. Wenye vibali, mpeni mwanafunzi wa Kenya njia yake fupi yenye tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Na Dongo Kundu mtenge kiwanja chenye maji ya kutosha na mtambo wa kutibu maji machafu kwa ajili ya viini vya dawa, hata kama kitakaa miaka bila mpangaji, kisigeuzwe ghala la magari.

Mheshimiwa Gavana, makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Huduma nyingi za afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi, kwa hivyo laini ya kwanza ya pesa inaweza kutoka kwako bila kungoja Nairobi. Kwenye kikao cha maoni ya wananchi nitakuja na wanafunzi wangu, watakuja na sahani zao na michoro ya enzaimu zao, tunaomba tupewe nafasi ya kuzungumza, na wataalamu wa kaunti watuulize maswali magumu kadri wapendavyo.

Wenu kwa heshima,
Fundi wa maabara, Mombasa